Valvu Iliyobaki Imefungwa: Ajali ya Embakasi ya 20 Novemba 1974

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 20 Novemba 1974, kabla saa mbili haijatimia, Boeing 747 ya shirika la Lufthansa ilianza kukimbia kwenye barabara ya kurukia ya uwanja wa Embakasi, Nairobi, ambao leo ni Jomo Kenyatta. Ilikuwa safari namba 540, imetoka Frankfurt, inaelekea Johannesburg. Ndani mlikuwa na watu 157: abiria 140, marubani na wahudumu 17. Iliinuka, ikatikisika, ikaanza kushuka huku injini zote nne zikinguruma, ikagusa nyasi mita 1,120 kupita mwisho wa barabara. Mita 114 mbele yake palikuwa na barabara ya magari iliyoinuliwa kwa tuta la udongo. Ndege iligonga tuta hilo, ikavunjika vipande na kushika moto. Watu 59 walikufa, 98 wakatoka hai.

Ndiyo ajali ya kwanza ya 747 kuua watu popote duniani. Ndege za aina hiyo zilikuwa zimebeba abiria tangu Januari 1970, na mbili zilizokuwa zimeteketea kabla ya hapo, moja Cairo na nyingine Benghazi, ziliharibiwa na watekaji nyara zikiwa chini. Kwa hiyo yaliyotokea Embakasi yalikuwa mtihani wa kwanza wa kweli wa namna mashine hii kubwa inavyoweza kumponyoka rubani ilhali hakuna kilichovunjika. Na kweli hakuna kilichokuwa kimevunjika. Injini zilikuwa nzima, mabawa mazima, usukani unaitika. Kilichokosekana ni hewa ndani ya bomba.

Bawa la ndege kubwa limechongwa kwa ajili ya mwendo wa angani, ambako linapita kwa zaidi ya kilomita 900 kwa saa. Kwa mwendo huo linatakiwa liwe jembamba na lisilo na mkunjo mwingi. Wakati wa kuruka na kutua mwendo ni kama theluthi ya huo, na bawa lile lile lazima libebe mzigo ule ule. Ndiyo maana linabadilishwa umbo kabla ya kuruka. Flapu za nyuma, vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa, hutoka na kuinama, bawa likapata mgongo. Flapu za mbele, ambazo kwenye 747 ni vibao vinavyokunjuka kutoka tumboni mwa bawa na kujipanga mbele ya ukingo wake, huipa hewa njia ya kupanda juu ya bawa bila kukata kona kali.

Watu wengi huzijua za nyuma kwa sababu zinaonekana na kelele zake husikika. Za mbele hazitajwi sana, na huko ndiko kisa hiki kilikolala. Flapu za nyuma zikitoka peke yake, hewa inayolifikia bawa huvutwa kwa nguvu zaidi kuzunguka ukingo wa mbele. Kama ukingo huo haujasaidiwa, hewa inashindwa kuukumbatia. Inabanduka na kuacha mgongo wa bawa ukiwa na mizunguko isiyobeba kitu. Kubanduka huku hutokea pua ikiwa imeinuliwa kwa pembe ambayo kwa kawaida ingekuwa salama. Kwa maneno mengine, kutoa za nyuma bila za mbele hakukupi nusu ya msaada. Kunakupa bawa linaloonekana tayari, lakini litakalokutupa pale pale unapoinua pua.

Sasa hewa yenyewe. Kwenye 747 za mwanzo, flapu za nyuma zilisukumwa na mafuta ya haidroli. Za mbele ziliendeshwa na mota za hewa, na hewa hiyo ilinyonywa kutoka kwenye hatua za mgandamizo ndani ya injini, ikiwa moto na yenye shinikizo. Hewa ile ile ndiyo inayolisha viyoyozi na kujaza shinikizo chumba cha abiria. Kulikuwa pia na mota za umeme za akiba kwa flapu za mbele, ila hizo hazijiwashi zenyewe: lazima mtu atambue tatizo, aamue, abonyeze, kisha asubiri.

Kila injini ina valvu inayoruhusu hewa yake iingie kwenye bomba kuu. Swichi zake zilikuwa kwenye paneli ya mhandisi wa ndege, mtu wa tatu katika chumba cha marubani, anayekaa nyuma ya rubani msaidizi akitazama ukuta wa kulia uliojaa saa na taa. Wakati wa kuwasha injini, mpangilio wa hewa si wa kawaida, kwani hewa ya kuzungushia injini hutoka kwenye injini ndogo iliyoko mkiani. Injini zikishashika, mhandisi anapaswa kuurudisha mfumo katika hali ya safari: valvu za injini zifunguliwe, hewa ijae kwenye mabomba. Hatua hiyo imo kwenye orodha ya ukaguzi. Asubuhi ile haikufanyika, na ndege ikaondoka mahali ilipoegeshwa ikiwa na bomba tupu.

Hebu tuitazame kwa karibu. Rubani anavuta wenzo wa flapu hadi nafasi ya kurukia. Wenzo unakwenda vizuri na kuingia kwenye kipengo chake. Nyuma, mafuta yanasukuma na flapu kubwa zinateleza nje. Kipimo cha flapu za nyuma kinasogea na kusimama panapotakiwa. Mbele, mota za hewa zinapokea amri ile ile kutoka kwenye wenzo ule ule, lakini hazina pumzi ya kuitekeleza. Mkono wa rubani hauhisi tofauti yoyote. Abiria aliyekaa juu ya bawa anaona vyuma vikitoka nyuma, naye anaridhika.

Hakuna honi iliyolia. Wachunguzi walilitaja jambo hilo waziwazi: hapakuwa na onyo la kutosha la hali ya hatari ya flapu za mbele. Na lililo chungu zaidi ni kwamba kabla ya siku hiyo kulikuwa tayari kumeripotiwa matukio mawili ya 747 kupaa flapu za mbele zikiwa ndani kwa sababu hiyo hiyo ya hewa. Katika yote mawili marubani waliwahi kuiokoa ndege. Mtengenezaji aliyepata onyo mara mbili bila mtu kufa alikuwa amepewa nafasi ambayo abiria wa Embakasi hawakuipata. Tunaamini hapa ndipo lawama nzito zaidi ya kisa hiki inapopaswa kukaa, hata kama taarifa haikuipanga hivyo.

Nairobi nayo ina mchango wake. Uwanja uko takriban mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ya kawaida ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani. Bawa linabeba kwa kutegemea uzito wa hewa na mwendo, hivyo hewa ikipungua, mwendo halisi lazima uongezeke. Ndege ambayo Mombasa ingeinuka ikikimbia kilomita 260 kwa saa, Nairobi inahitaji karibu 282 ili bawa lipate nguvu ile ile. Injini nazo hupumua hewa hiyo hiyo nyepesi na kusukuma kwa nguvu pungufu. Ndiyo sababu barabara ya kurukia ya hapa ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Hakuna hata kimoja katika haya kilichosababisha ajali. Ndege zilizopangwa vizuri zinaruka kutoka hapa kila siku. Lakini ndege iliyokosea mpangilio wake, ikiwa hapa, ina akiba ndogo ya kujitetea. Ile nguvu ya ziada ambayo kando ya bahari ingeweza kulivuta bawa lililochoka hadi lishike hewa tena, hapa haitoshi.

Kwa nini basi ilipaa? Ndege ikiwa karibu sana na ardhi, chini ya kimo kama cha nusu ya upana wa mabawa yake, ardhi huzuia ile mizunguko ya hewa inayomwagika kwenye ncha za mabawa. Buruto, yaani ukinzani wa hewa, hupungua na bawa hubeba kwa urahisi zaidi. Ni kama ndege inaegemea mto wa hewa. 747 ile iliinuka ikiwa juu ya mto huo, kisha ikapanda na kuuacha. Ilifika takriban mita 30 tu. Hapo msaada wa ardhi ulikuwa umekwisha, na bawa halikuwa na chake cha kuweka mahali pake.

Wachunguzi walieleza kwamba ndege ilipaa bawa likiwa tayari limepoteza sehemu ya nguvu yake ya kuinua, na kwamba marubani hawakuweza kuitambua hali hiyo katika muda mfupi waliokuwa nao. Inafaa kufikiria jinsi ilivyokuwa upande wao. Mara tu magurudumu yalipoacha ardhi, mtikisiko ulianza. Ni ile hewa iliyobanduka ikipiga mwili wa ndege na mkia. Lakini mtikisiko hauji na jina. Wao waliudhani ni wa magurudumu: tairi lililopoteza uwiano, linazunguka kwa kasi na kutikisa kila kitu. Dhana hiyo ina akili. Tiba yake ni kukunja magurudumu, nao wakayakunja. Kumbe ndege yenye bawa lililochoka hairuhusiwi mzigo wowote wa ziada, na ili magurudumu ya 747 yaingie, milango yake hufunguka kwanza na kusimama kwenye upepo, buruto likiongezeka kwa muda kabla ya kupungua.

Mwendo haukupanda. Kisha usukani ukaanza kutetemeka mikononi, kwani ndege hizi zina kifaa kinachoutikisa kumwonya rubani kwamba bawa linakaribia kushindwa. Onyo lilikuwa la kweli, ila lilikuja ndege ikiwa tayari inazama. Dawa yake ni moja, nayo ni kushusha pua ili hewa irudi kulishika bawa. Kwa mita 1,000 hiyo ni dawa. Kwa mita 30, kushusha pua ni kuichagua ardhi. Rubani hakuwa na sekunde wala kimo cha kuitumia kanuni aliyofundishwa.

Onyo hilo la usukani linastahili neno la pembeni, maana lina kumbukumbu nyingine kwa Wakenya. Usiku wa tarehe 30 Januari 2000, Airbus A310 ya Kenya Airways, safari namba 431, ilipaa kutoka Abidjan, na mara ilipoinuka onyo la bawa kushindwa likalia. Safari hii lilikuwa la uongo. Bawa lilikuwa linabeba vizuri. Pua ilishushwa, juu ya bahari yenye giza, na watu 169 kati ya 179 walikufa. Onyo ni lile lile na tendo ni lile lile linalofundishwa, ila majibu yanapingana: Embakasi lilichelewa, Abidjan halikupaswa kulia. Anayesema rubani angepaswa kujua tu, aziweke ajali hizi mbili mezani pamoja.

Uchunguzi ulifanywa na kitengo cha ajali za ndege cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza, iliyokuja kuvunjika 1977. Hitimisho lake lilikuwa la maneno machache na la haki. Ajali ilisababishwa na wafanyakazi wa ndege kuanza kuruka flapu za mbele zikiwa ndani, kwa sababu mfumo wa hewa unaoziendesha haukuwashwa. Kisha yakatajwa mambo mawili makubwa yaliyochangia: kukosekana kwa onyo kuhusu hali ya flapu hizo, na wafanyakazi kutokamilisha ipasavyo vipengele vya orodha ya ukaguzi. Mhandisi wa ndege alishtakiwa kwao Ujerumani kwa uzembe, na mwaka 1981 akaachiliwa.

Tukae kidogo kwenye orodha ya ukaguzi, maana ndiyo inayolaumiwa kwa haraka kuliko yote. Mmoja anasoma, mwingine anajibu. Kusudi la mpango huo ni kwamba jicho liende kwenye swichi, kidole kiguse, ndipo mdomo useme. Lakini mtu aliyefanya kazi ile mara mamia anajua jibu kabla ya swali, na mdomo huwahi kuliko jicho. Anaona anachotarajia kukiona. Masikio nayo yana ugonjwa huo huo. Wiki 11 tu kabla ya ajali hii, tarehe 3 Septemba 1974, 747 ya British Airways ikikaribia kutua Nairobi hapa hapa iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500, wao wakasikia 5,000 na kuiweka ndege ishukie kimo hicho. Uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300. Walikuwa wameiagiza ndege ishuke hadi chini ya udongo. Ilitoka mawinguni ikiwa karibu futi 70 juu ya ardhi, marubani wakaiona nyika, wakavuta na kupanda. Watu wote walipona, na pengine ndiyo sababu kisa hicho hakisimuliwi.

Baada ya Embakasi, Boeing iliongeza mifumo ya kumwonya rubani, kabla ya kuruka, kwamba hewa ya flapu za mbele haijafunguliwa. Jambo rahisi, la waya na swichi. Hadi hapo ilikuwa imeachiwa kumbukumbu ya mtu mmoja mbele ya ukuta wa saa.

Tatizo lenyewe, ndege kuwa angani bila msaada wa ukingo wa mbele, lilikuwa limeua kabla na likaendelea kuua baadaye kwa njia nyingine. Tarehe 18 Juni 1972, ndege aina ya Trident ya BEA, shirika la Uingereza, ilianguka Staines, karibu na London, vifaa vya ukingo wa mbele viliporudishwa ndani mwendo ukiwa bado mdogo; watu wote 118 walikufa. Tarehe 25 Mei 1979 huko Chicago, DC-10 ya American Airlines iliachwa na injini ya kushoto ikiwa inapaa. Injini ilipong'oka ilikata mabomba ya haidroli, flapu za mbele za upande huo zikajirudisha ndani kwa kusukumwa na upepo huku za kulia zikibaki nje. Bawa moja lilishindwa wakati mwenzake anabeba, ndege ikajipindua, na watu 273 wakafa. Onyo ambalo lingewaambia marubani kwamba flapu zimetofautiana lilipoteza umeme pamoja na injini ile.

Kisa cha Detroit cha tarehe 16 Agosti 1987 ndicho kinachofanana zaidi na chetu, na ndicho kinachotukosesha usingizi. MD-82 ya Northwest, safari namba 255, iliondoka bila flapu za nyuma wala za mbele, kwa kuwa ukaguzi wa kabla ya kuingia barabarani haukufanywa. Wakati huo honi ya kumwonya rubani ilikuwepo. Haikulia kwa sababu mfumo wake haukuwa unapata umeme. Watu 156 walikufa, wakiwemo wawili waliokuwa chini, na akaponea ndani ya ndege mtoto mmoja wa miaka minne. Miaka 21 baadaye, tarehe 20 Agosti 2008, ndege ya aina ile ile ya Spanair ilifanya kosa lile lile Madrid, honi ikanyamaza tena, na watu 154 wakafa. Embakasi palikosekana honi. Detroit na Madrid honi ilikuwepo imekufa, na hakuna honi nyingine ya kusema kwamba hii imekufa. Njia pekee ni kuijaribu: kusukuma wenzo wa injini ndege ikiwa bado haijapangwa na kusikiliza kama italia. Kazi ya sekunde chache. Mara ngapi ifanywe, mara moja kwa siku au kabla ya kila safari, ni jambo ambalo mashirika yalitofautiana, na kwetu sisi jibu ni kila safari.

Ukipata kiti cha dirishani mbele kidogo ya bawa, unaweza kuona sehemu ya haya kwa macho yako pale Jomo Kenyatta. Injini zikishawaka na ndege kuanza kujongea, flapu hutolewa mapema, na kwa kawaida zinakuwa tayari kabla hamjafika mwanzo wa barabara. Usitazame nyuma tu. Kwenye Boeing 737, kati ya mwili wa ndege na injini, kibao hukunjuka kutoka chini ya bawa kama kidevu. Kuanzia injini kwenda nje, ukingo wenyewe husogea mbele na chini. Kwenye Embraer 190 hakuna kidevu, ukingo husogea tu. Kwenye Q400 za mapangaboi zinazokwenda Kisumu na Malindi usizitafute: bawa lake limechongwa kubeba bila hizo.